Baba na Mwana Ukutani: Huduma ya Kuchapisha Picha na Kutia Fremu, Kariakoo

Duka ninalolizungumzia liko ghorofa ya kwanza, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi, na kazi yake ni kuchapisha picha kubwa na kuzitia fremu. Nilikwenda huko mwezi uliopita kwa sababu chumba cha historia katika shule ninayofundisha kilikuwa na kuta tupu, nami nilitaka wanafunzi wanaosoma habari za kuingia kwa ukoloni waone jinsi Waingereza wa zama za Malkia Victoria walivyopenda kujitazama. Nilipeleka picha tatu zilizotoka katika familia moja: mbili za Thomas Jones Barker, mchoraji wa sura za watu na wa vita aliyefariki London mwaka 1882, na moja ya baba yake, Thomas Barker wa mji wa Bath. Kila moja ilichapishwa kwa sentimita 60 kwa 90, na kwa zote tatu, pamoja na fremu za mbao, vioo na vibao vidogo vya maelezo, nililipa shilingi 285,000 baada ya kuomba nipunguziwe.

Fremu hazina neno. Pembe zimekutana sawasawa, na nyuma wamefunika kwa hadibodi na kuziba kingo zote ili vumbi lisipenye. Fundi aliniuliza ukuta wetu ni wa tofali au wa saruji kabla ya kuchagua ndoano, swali ambalo sijawahi kuulizwa dukani kwingine.

Uchapishaji ndio uliotutia mashakani. Picha ya kwanza ni ile maarufu kuliko zote za Barker, “Siri ya Ukuu wa Uingereza”, aliyoichora mwanzoni mwa miaka ya 1860, ambayo leo imo katika National Portrait Gallery, London. Malkia Victoria amesimama katika Kasri la Windsor akimkabidhi Biblia balozi wa Kiafrika aliyepiga goti, huku mumewe, Prince Albert, na mawaziri Palmerston na Russell wakiwa nyuma. Kijana wa kwenye mashine aliongeza giza, mwenyewe akasema, ili rangi zikolee. Rangi zilikolea kweli: gauni la malkia liling’aa, lakini uso wa balozi ukawa doa jeusi lisilo na jicho wala mdomo, na mawaziri wakamezwa na ukuta. Nilimwonyesha kwenye simu yangu kwamba mchoraji alimpa mgeni yule uso kamili, wenye mwanga shavuni na macho yaliyoinuliwa. Hakubisha. Alichapisha upya bila kuongeza bei, na nakala ya pili ndiyo niliyoipokea.

Nililikazania jambo hilo kwa sababu uso ule unatuhusu sisi wa pwani. Hakuna kumbukumbu inayoonyesha kwamba tukio hilo lilitokea. Kilikuwa kisa kilichosambaa tu, na Barker akakipa mwili. Hata hivyo, wapo wanaomhusisha balozi huyo na Ali bin Nasir, liwali wa Mombasa, ambaye Seyyid Said alimtuma kwa Malkia Victoria mwaka 1838 na tena mwaka 1842. Kama ni yeye, basi mchoraji alimtendea ndivyo sivyo. Mjumbe wa Sultani, Mwislamu wa Kiarabu, angeingia kwa joho, kilemba na jambia kiunoni. Sidhani kama angepiga goti hata kidogo. Hayo ndiyo ninayotaka wanafunzi wayajadili, na hawawezi kuyajadili mbele ya doa.

Kosa la pili lilikuwa kwenye vibao. Chini ya picha ya malkia paliandikwa “Thomas Barker, 1769–1847”. Nilipouliza, nilijibiwa: “Mwalimu, si huyuhuyu Barker? Tumemtafuta kwenye intaneti.” Nilisimama pale kaunta nikafanya hesabu kwa sauti: mtu aliyezikwa mwaka 1847 angewezaje kuchora picha ya miaka ya 1860? Kusema kweli, sikuwalaumu sana, kwa maana ukoo huu unachanganya. Babu, Benjamin Barker, alitapanya urithi wake akaishia kuchora farasi na kufanya kazi katika kiwanda cha vyombo vya kupakwa vanishi huko Pontypool, Wales. Mwanawe Thomas aligunduliwa na mtengenezaji wa magari ya farasi wa Bath, Charles Spackman, aliyemlipia safari ya kusoma Roma. Benjamin mwingine, mdogo wake Thomas, alichora mandhari. Thomas huyo naye akazaa wachoraji: Thomas Jones, na John Joseph aliyebaki Bath. Majina ni yaleyale kama ya wajukuu wanaorithi majina ya babu zao kwetu, ila kwao hakuna “bin” wa kukutenganishia nani ni wa nani.

Picha ya baba niliyoichagua ni “Mchanja Kuni”, na hiyo ilitoka vizuri mara ya kwanza. Fundi alifurahi nilipomweleza kwamba picha za mzee huyo zilipendwa kiasi cha kuchapwa kwenye vyombo vya udongo na vitambaa, kwa maana dukani kwake nusu ya kazi ni vikombe na fulana. Kazi kubwa zaidi ya mzee haichapiki: ni mchoro wa mauaji ya Chios, kisiwa cha Ugiriki, ya mwaka 1822, alioupaka juu ya lipu mbichi kwenye ukuta wa nyumba yake mwenyewe huko Bath, wenye urefu wa takriban mita 9.

Mwana hakufuata njia hiyo. Mwaka 1834 alikwenda Paris kwa Horace Vernet, bingwa wa picha za vita, akakaa Ufaransa hadi mwaka 1845. Mfalme Louis-Philippe alimwagiza picha ya kifo cha Louis XIV, ambayo iliharibiwa katika mapinduzi ya mwaka 1848. Najiuliza baba yake, aliyefariki mwaka mmoja kabla, angeipokeaje habari hiyo.

Picha ya tatu, majemadari wa Uingereza, Ufaransa na Uturuki mbele ya mji wa Sevastopol katika Vita vya Krimea, waliyopigana na Urusi, ndiyo iliyonipa uvumilivu na watu wa mashine. Mfanyabiashara wa picha, Thomas Agnew, alimtuma mpiga picha Roger Fenton Krimea mwaka 1855, akarudi na picha zaidi ya 300 za kamera, na humo ndimo Barker alimotoa sura za Raglan wa Uingereza, Omar Pasha wa Uturuki na wenzao. Kwa picha yake nyingine, ya ukombozi wa Lucknow, mji wa India uliokuwa umezingirwa, alitumia michoro ya Msweden Egron Lundgren, aliyetumwa India. Kwa hiyo nilichobeba kwenye bajaji ni nakala ya picha iliyochorwa kwa nakala, na majemadari wamekaa juu ya farasi kwa utulivu wa watu waliokaa mbele ya kamera. Katika chapa hii kila sura inasomeka, hata ya maofisa wa nyuma kabisa, ila ukungu wa mbali umegeuka buluu kidogo.

Vibao vipya vilikuwa tayari siku mbili baadaye. Atakayekwenda aandike maelezo yake mwenyewe kwenye karatasi, jina kamili na miaka, na aombe nakala ndogo ya majaribio kabla ya ile kubwa. Wanaitoa kwa shilingi 3,000, lakini hawakwambii mpaka uulize.