Mwanaume mzima na buku tano

"Mwanaume mzima unagombania buku tano?"

Sijui alitegemea nimjibu nini. Tangu Jumamosi ile kauli hiyo inanirudia nikioga, nikisubiri daladala, nikiwa nimelala macho wazi. Mke wangu ananiambia yaishe. Hayajaisha. Naandika nikiwa na hasira na nalisema mapema, anayetaka maoni ya mtu aliyetulia apite.

Jina la supamaketi silitaji. Iko hapahapa Dodoma, ina kiyoyozi, na ina mlinzi anayegonga muhuri risiti yako mlangoni utadhani unavuka mpaka Tunduma. Kadi ya pointi nilipewa bure, mwaka juzi mwishoni kama sikosei, au mwaka jana mwanzoni. Binti wa keshia alinipa shikamoo, akaniuliza kwa upole, "Baba, tukuandikishe pointi?" Nikaona nikikataa nitakuwa nimemvunjia heshima mtoto wa watu. Akachukua namba ya simu, kazi ikaisha. Kila ukinunua cha 1,000 unapata pointi moja, zikifika 1,000 unapewa zawadi. Zawadi gani? Sikuuliza. Mtu nina shahada, nina watoto wanne, sikuuliza.

Nilikuja kujua baadaye sana kwamba pointi 1,000 ni shilingi 5,000 za kupunguziwa. Yaani ununue vitu vya milioni moja ndipo upunguziwe elfu tano. Ni nusu asilimia. Kwenye sabuni VAT ni asilimia 18 na sikuwahi kulalamika, ila kwa hiyo nusu nilikuwa natembea kifua mbele. Tena si kila kitu kinahesabiwa. Sukari, mchele, unga, mafuta ya kula, vitu ambavyo nyumba ya Mswahili ndivyo inavyoviishi, havina pointi. Pointi ziko kwenye biskuti, kwenye manukato ya chooni, kwenye ile sabuni ya maji ya kulainisha nguo ambayo mama yangu hakuwahi kuijua na nguo zetu hazikuwahi kuwa ngumu.

Kama ningeendelea kununua nilivyozoea na pointi zikaja zenyewe, hapo pasingekuwa na neno. Cha bure hakikataliwi. Ila zilianza kunituma. Mimi nakaa Nkuhungu. Vitunguu, maharage na mchele tulikuwa tunachukua Soko la Majengo, sabuni na dawa ya meno kwa Mangi hapo kona. Nikahamisha kila kinachohamishika. Kwenda huko ni daladala, lakini kurudi na mizigo ni bajaji, na bajaji kwa mizigo ile ni 5,000. Someni tena hiyo namba. Kila safari ya kurudi nyumbani nilikuwa namlipa mtu wa bajaji zawadi yangu ya mwaka mzima, nikimshukuru na kumwambia Mungu akubariki.

Halafu kuna zile Jumamosi za pointi mara mbili. Risiti ikipita 50,000, pointi zinazidishwa. Siku moja niko na toroli, nimejumlisha kwenye simu, nimefika 46,000 na kidogo. Nikazunguka nikitafuta cha elfu nne. Mara nikakiona: kipakti cha zabibu, plastiki imeng'aa, kimeandikwa Afrika Kusini. Nikachukua. Naishi Dodoma. Zabibu zinalimwa Hombolo, zinalimwa Mpunguzi, msimu ukifika akina mama wanakuuzia kwenye ndoo barabarani na wanakuonjesha kwanza. Mimi nikanunua zilizopanda meli ili nitimize hamsini. Mke wangu alizipokea, akazigeuza, akasoma kile kibandiko taratibu kama anasoma barua ya posa. Hakusema kitu. Ndiyo tabia yake akiona jambo limeshajisema lenyewe.

Kumbe wakati huo mama wa vitunguu pale Majengo, ninayemsalimia mbukwenyi akacheka kwa Kigogo changu cha kuokoteza, alikuwa ananipa zawadi kila nikienda. Unalipa sado, halafu anatupia vitatu vinne juu. Nyongeza. Hachukui namba ya simu na hatumi meseji usiku.

Basi, tuje kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi, mwisho wa mwezi, foleni ndefu. Kwenye kikapu kulikuwa na sukari kilo mbili, mafuta lita tatu, dawa ya meno, sabuni na kopo la kakao ambalo binti yangu alikuwa ameliomba tangu Jumatatu. Risiti yangu ya mwisho ilisema pointi 1,012. Nilikuwa nimeikunja vizuri kwenye pochi. Zamu yangu ikafika, nikamwambia keshia leo natumia pointi. Nakiri nilisema kwa sauti ya mtu anayelipia harusi.

Binti akabonyeza. Akabonyeza tena. "Baba, mimi hapa naona 118."

Nikamwonyesha risiti. Akaita supavaiza. Akaja kijana, umri wa mpwa wangu, anatafuna bablishi, jicho moja kwenye simu. Salamu hakuna. "Pointi za mwaka jana zimeisha muda. Zinafutwa zote mara moja."

Nikamwambia sikuambiwa. "Tulituma meseji." Nikamwambia ninyi mnanitumia meseji kila siku, ofa ya pampasi, ofa ya friji, mtoto wangu wa mwisho yuko darasa la tano. "Ilikuwa humohumo." Nikauliza masharti yako wapi. Akaonyesha kwa kidevu karatasi iliyobandikwa nyuma ya keshia, maandishi madogo kama ya kwenye chupa ya dawa. Ili uyasome inabidi uingie ndani ya kaunta, na ukiingia utaitwa mwizi.

Nikamnyooshea tena risiti yangu. Hakuisoma. Aliirudisha kwa vidole viwili, na hapa ndipo ninapotaka mnielewe, hakunitazama mimi. Aligeukia foleni, akasema, kwa kicheko: "Mwanaume mzima unagombania buku tano?"

Dada mmoja nyuma yangu akacheka. Jamaa mwenye chupa moja ya maji akasema, "Mzee lipa tusonge." Keshia aliinamisha kichwa, akanong'ona, "Samahani baba," na huyo binti sina ugomvi naye hata kidogo, kama anasoma hapa ajue.

Nikaacha kikapu. Nikatoka mikono mitupu. Mlangoni mlinzi akanyoosha muhuri: "Risiti mzee?" Nikamwambia sijanunua. Akaniangalia mifuko ya koti, kwanza wa kulia, halafu wa kushoto. Wakati huo upepo wa Dodoma unapiga, vumbi lote la stendi limeamua kuingia machoni mwangu, nikawa nafuta macho mbele ya mlinzi. Akafikiri nini yule?

Mpwa wangu anasoma CBE, chuo cha biashara, nikamsimulia nikitegemea huruma. Akanipa somo. Akasema, mjomba, kwa wahasibu pointi ambazo hazijatumika ni deni. Duka linaliandika kwenye vitabu vyake kwamba linadaiwa na wateja... nikamkatiza, wananidai mimi? Hapana, akasema, wewe ndiye unawadai. Zikifutwa bila kutumika, deni linafutika na linaingia kwenye mapato. Na wanakisia mapema ni ngapi hazitakuja kudaiwa. Yaani kuna mtu amekaa ofisini na kompyuta, amepiga hesabu ya watu kama mimi watakaosahau, na akanikuta. Akaongeza kwamba hata zile 5,000 si faida yao kubwa, wanachokitaka ni kujua unanunua nini na siku gani. Akanitolea mfano wa Tesco ya Uingereza, walianza Clubcard mwaka 1995, kadi hizo hawajaziacha mpaka leo. Sasa kuna duka Dodoma linajua kwamba mimi hununua zabibu za Afrika Kusini. Aibu yangu iko kwenye mashine.

Jirani yangu mmoja, anayejua sheria kidogo, alisema nipeleke malalamiko Tume ya Ushindani. Kwa 5,000? Nauli na fotokopi tu zitazidi. Na hapo ndipo nilipomwona yule kijana ameshinda kabisa, kwa sababu hata mimi nikawa najiuliza: mwanaume mzima?

Nisiwe mwongo. Usiku ule nilipekua simu. Meseji ipo. Iko katikati ya ofa ya pampasi na ofa ya mashuka: ndugu mteja, pointi zako 894 zitaisha muda wake. Ilikuja kama wiki mbili kabla. Na 1,000 nilikuwa nimeshazipita, nilikuwa nasubiri tu Jumamosi ya mwisho wa mwezi ili nizitumie kwa heshima. Kwa hiyo hilo kosa nalimeza nusu. Nusu tu.

Na kuna mwenzangu kazini, ana mapacha wachanga, yeye hizo meseji za pampasi anazisubiri kama mshahara. Maziwa ya kopo na pampasi zote anachukua pale, kazini kwake na nyumbani duka liko katikati, hapandi bajaji. Ameshakata pointi mara tatu. Zikifika tu 1,000, anazimaliza siku hiyohiyo. Aliponisikiliza alisema, "Kaka, wewe ulizigeuza akiba." Kweli. Maduka yenyewe hayana uhakika wa kuwepo. Shoprite aliuza akaondoka Tanzania 2014, Uchumi ya Kenya ikafunga hapa nchini 2015. Mtu anaweka akiba kwenye kaunta ya duka, ana akili?

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: kama duka liko njiani kwako na vitu vyenyewe ungevinunua hata bila kadi, chukua kadi, kata pointi mapema, usiongeze hata biskuti moja kwa ajili yake. Wala usiende mbio na pointi mara mbili, ile hamsini ni mtego.

Nimesoma tena hapo juu nikaona naongea kama tangazo lao. Hapana. Msichukue. Mtu atakuja kukuita mwanaume mzima mbele ya watu kwa ajili ya kitu alichokupa yeye mwenyewe! Mimi sikuomba hizo pointi. Binti wenu alinibembeleza. Mkitoa zawadi halafu mkamcheka anayeidai, hiyo si zawadi. Mangi hapo kona, mwaka ule mshahara ulipochelewa, aliniandika kwenye daftari wiki tatu nzima, unga, sukari, mpaka vocha. Hakuniuliza mimi ni mwanaume wa kiasi gani. Sukari yake imezidi kwa 200, sawa, na nimekuwa nikimnyima biashara mwaka mzima kwa sababu ya kipande cha plastiki. Nilipomrudia aliniambia, "Karibu, ulisafiri?" Nikasema ndiyo, nilisafiri.

Ila na Mangi naye, tuseme ukweli. Ikifika Desemba anafunga duka anaenda Moshi mpaka katikati ya Januari, na hapo mtaa mzima unarudi kwenye kiyoyozi na mlinzi mwenye muhuri.

Wiki iliyopita mke wangu alipitia huko, dawa ya meno iliisha. Hakuniambia. Niliona risiti juu ya friji, nikaisoma mpaka chini: jumla ya pointi, 124. Alikuwa ametaja namba yangu. Nikamuuliza, tumekubaliana nini? Akasema, "Ni sita tu, baba watoto."

Nimeiweka risiti hiyo kwenye pochi. Safari hii masharti nimeyasoma, nilimtuma mpwa akayapige picha. Zikifika 1,000 naenda mwenyewe, mwisho wa mwezi, foleni ikiwa imefika kwenye mafriji, na nitaomba nihudumiwe na yule kijana.