Mchanga wa paka: mbwa wangu kaula, muuzaji kanitukana

Nianze na haki ya duka: mchanga wenyewe, huu wa kuweka kwenye choo cha paka, hauna neno. Nyumba yetu hapa Nyegezi ilikuwa inanuka mkojo wa paka mpaka wageni wanajifanya wana haraka. Siku ya pili tu baada ya kuumwaga kwenye beseni, harufu ikakata. Ningeandika wiki ile ningewapa nyota zote tano. Naandika sasa, na bado nimefura.

Juzi kati hapa natoka sokoni jioni, namkuta mbwa wangu Komando uani, pua nzima kijivu kama aliyechungulia mfuko wa saruji. Kuingia ndani, beseni limefukuliwa. Alichofuata ni kinyesi, maana chakula cha paka kina protini nyingi na mbwa wengi hawaachi harufu ile ipite. Sasa kinyesi chenyewe kimeviringika kwenye mchanga, basi kakila na koti lake.

Namba ya duka ilikuwa kwenye risiti, nikapiga. Kijana kapokea, nikamweleza. Akacheka. Tena si kicheko cha kujificha, anawasimulia wenzake huku nasikia: "Eti mbwa kala choo cha paka!" Aliporudi kwangu: "Mama, huyo ana njaa. Mlisheni mbwa wenu."

Jamani! Komando anakula ugali wa dona na dagaa wa Mwaloni kila siku iendayo kwa Mungu. Nikipika sato, vichwa ni vyake, mpaka watoto wananuna. Mimi ndiye wa kuambiwa nimlishe mbwa? Halafu kama aliyenionea huruma: "Mpe maziwa na mafuta ya kula, utateleza tu."

Chupa ya mafuta nilikuwa nimeshaishika. Kilichonizuia nadhani ni hasira, sikutaka kumtii yule mtoto. Nikachota vijiko viwili vya ule mchanga, nikatia kwenye glasi ya chai, nikaongeza maji. Ukawa uji. Nikageuka kumwangalia mbwa, niliporudi umeshakuwa ugali, kijiko kimesimama chenyewe. Nikapindua glasi juu ya sinki, hakikudondoka kitu. Hapo ndipo miguu iliponiisha nguvu.

Daktari wa mifugo niliyempata, ambaye shughuli zake hasa ni ng'ombe na kuku, hakucheka. Maneno matamu nayo hakuwa nayo. Ni ule unaoganda au usioganda? Kala kiasi gani, saa ngapi? Mbwa ana uzito gani? Katapika? Mfuko umeandikwa lugha za watu, Kiswahili hakuna hata neno moja, lakini kwa ile glasi yangu jibu la kwanza nilikuwa nalo. Akasema huo ni udongo wa bentonaiti, unafyonza maji na kuvimba. Mbwa akila kidogo kwa kawaida hutoka wenyewe, akila mwingi unaweza kuziba utumbo, na hapo ni kisu. Nisimtapishe. Maziwa hapana, na mafuta nisithubutu, akipaliwa yanaingia kwenye mapafu. Awekewe maji safi, anywe mwenyewe. Akitapika, akigoma kula, tumbo likivimba, au akijikamua bila kitu kutoka, nisingoje kukuche. Mwisho akanigombeza kuhusu minyoo, eti mbwa anayekula choo cha paka anakula na mayai yake.

Siku mbili nimemfuata mbwa na tochi nyuma ya lile jiwe letu la uani. Sikuwahi kufikiri ningeshangilia mavi. Yalitoka ya kijivu, makavu, kama vipande vya plasta. Nikamwita mume wangu aje aone. Akaja, akaona, akarudi kulala.

Sasa nyota. Mchanga, nne. Hapana, tatu, kwa hilo la maandishi. Duka, moja, kwa vile sifuri haipo. Ila nikiikumbuka "mlisheni mbwa wenu" hata mchanga naushusha mbili, najua hauna kosa. Kosa lingine ni langu: beseni nililiacha chini pembeni ya mlango, na sikuwa nachota uchafu kila siku. Sasa liko juu ya meza ya stoo. Paka anaruka, Komando anabaki kuangalia juu. Ndani nimeweka pumba za mpunga, nachukua bure mashineni. Haziui harufu kama ule mchanga, lazima niseme, na wageni wameanza tena kuwa na haraka.

Mfuko uliobaki nimempa fundi pikipiki hapa jirani, anaumwagia pale oili inapomwagika. Anasema ni kiboko, sakafu inabaki kavu. Jana kaniuliza niliununua wapi. Sijamwambia.