Lichess na adabu ya mchezo: tathmini ya mtu aliyekulia barazani

Huduma ninayoitathmini hapa ni Lichess, seva ya kuchezea sataranji mtandaoni iliyoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, ambayo leo inaendeshwa na chama kisichotafuta faida kilichosajiliwa Ufaransa. Haina matangazo, haina sehemu ya kulipia, na anayeichangia fedha hapati zaidi ya alama ndogo ya bawa kando ya jina lake. Ubora wake kama chombo cha kujifunzia sataranji umekwisha kusifiwa na wengi, na sina la kuongeza juu ya mafumbo yake wala uchambuzi wa bure wa programu ya Stockfish. Ninachotaka kukipima ni kitu ambacho watathmini hukipitia kwa sentensi moja, nacho ni namna inavyowashikisha adabu watu wasiojuana, kila mmoja akiwa na hasira ya kushindwa kifuani.

Kipimo changu ni baraza. Aliyewahi kukaa pembeni ya bao Unguja, au kwenye kijiwe cha drafti ambako kete ni vizibo vya soda, anajua kwamba mchezo haufanyiki kimya. Anayecheza hutaniwa, anayeshindwa huchekwa, na anayetazama hujiona ni fundi kuliko wote wawili. Hata hivyo maneno hayo yana mipaka, ingawa hakuna aliyeiandika. Kijana hamtanii mzee aliyeishiwa kete kama anavyotaniwa na marika wake. Mtazamaji anayemnong'oneza mchezaji shimo la kuanzia huambiwa afunge mdomo au aondoke. Na mtu anayeona mchezo umemwelemea akainuka akaenda zake bila kumaliza, kesho yake hapati wa kucheza naye. Adhabu ipo, ila haihitaji msimamizi, kwa sababu kila mtu anajulikana ni nani, ni mtoto wa nani, na kwamba jioni atapita njia ile ile.

Kwenye seva hakuna jioni ya kupita tena. Unakutanishwa na mtu wa Brazil au wa Uturuki kwa mchezo wa dakika tatu, mnapambana, mmoja anaanguka, na huenda msikutane tena maishani. Mtu aliye katika hali hiyo hana wa kumwonea haya. Ndiyo maana naona swali la kuiuliza huduma ya namna hii ni moja: imeweka nini mahali pa haya?

Lichess imeanza na vitendo, wala haikuanza na maneno, na hapo nadhani imeona mbali. Wachezaji wenyewe wakilalamika hawaanzi na matusi. Wanaanza na yule mtu ambaye, akishaona malkia wake amekwenda, huiacha saa iende dakika nne nzima bila kugusa kete, akitumaini kwamba utachoka uondoke wewe. Hajakutukana hata neno moja, lakini amekudharau kuliko ambavyo tusi lingefanya. Mfumo huhesabu tabia hiyo pamoja na ile ya kuanza michezo na kuivunja, na ya kutoroka katikati. Anayerudia hufungiwa kucheza kwa muda, mwanzoni kwa dakika chache, kisha kwa muda mrefu zaidi kila anapoendelea. Ukiachwa mezani peke yako, baada ya sekunde kadhaa hutokea kitufe cha kudai ushindi au kuukubali mchezo kuwa sare. Hakuna mtu aliyeamka usiku kusoma malalamiko yako. Mashine imeona na imehukumu. Kwa kosa la aina hii mashine inatosha, kwa kuwa saa ni saa, na mtu akiondoka ameondoka.

Suala la watazamaji nalo limetatuliwa kwa ukuta. Wanaotazama mchezo wana chumba chao cha gumzo, wachezaji wana chao, na maneno ya watazamaji hayawafikii wachezaji wakiwa bado wanapambana. Barazani tungelipa fedha kwa ukuta huo, ingawa nakiri kwamba bao lisilo na mtazamaji wa kuguna wakati wa mtaji, yaani pale kete zinapoliwa, lingepoa kama chai ya jana.

Penye uzito zaidi ni tuhuma za udanganyifu, na hapa ndipo ninapoipa huduma hii alama ya juu kabisa. Sataranji ya mtandaoni ina ugonjwa ambao bao haliujui: simu yoyote ya bei nafuu leo ina programu inayoweza kumshinda bingwa wa dunia, kwa hiyo kila anayefungwa ana haki ya kujiuliza kama amefungwa na mtu au na kompyuta. Shaka ikishaingia, ulimi hufuata. Kanuni ya Lichess ni kwamba shaka lako unalipeleka kwa wasimamizi kupitia fomu ya kuripoti, na ukilitangaza kwenye gumzo mbele ya watu, wewe ndiye unayenyamazishwa kwa muda, na sababu inayoonyeshwa ni kumwaibisha mtu hadharani. Mara ya kwanza mtu huona ameonewa: mwizi anaachwa, anayepiga kelele za mwizi anazibwa mdomo. Lakini tafakari ni mara ngapi umeshuku na ukakosea. Binafsi nimewahi kuripoti watu kadhaa kwa hasira, kisha nikaupitia mchezo kwa utulivu nikagundua kwamba nilijifunga mwenyewe kwa kosa la mtoto.

Wanaochunguza ripoti hizo ni wasimamizi wa kujitolea wakisaidiwa na programu maalumu, mojawapo ikiitwa Irwin, zinazopima jinsi mtu anavyocheza na kiasi anachokaa akifikiri. Akipatikana na hatia, akaunti yake huwekewa tangazo fupi kwamba imekiuka masharti ya huduma, na wale aliowadhulumu hurudishiwa alama zao za kiwango. Tangazo hilo halisemi amefanya nini hasa. Wapo wanaolalamikia ufupi huo, mimi naupenda. Mkosaji ameadhibiwa, jamii imelindwa, na bado amebakiziwa sitara kidogo ya kurudi kuwa mtu. Tena ipo njia ya kukata rufaa kwa anayeona ameonewa.

Ubora wa kanuni hiyo nimeupima kwa kuiona jamii isiyo nayo. Katika kundi moja la WhatsApp la wapenda sataranji, ambalo sitalitaja, kijana mmoja alishinda mashindano madogo ya mtandaoni kwa kuwafunga watu waliomzidi kiwango kwa mbali. Usiku huo huo mtu alitupia picha ya matokeo na alama tatu za kuuliza. Hakusema kitu kingine. Kufika alfajiri ujumbe ulikuwa umepita mia, picha ya kijana imewekwa, jina la shule yake limetajwa, na watu wazima wenye familia zao walikuwa wanashindana nani atamkejeli kwa ufundi zaidi. Msimamizi alipoamka alifanya kitu pekee ambacho kundi lile lilimruhusu: alilifunga, wasimamizi pekee wakawa na ruhusa ya kuandika, na akabandika dua ya asubuhi. Kijana alikuwa amekwisha kujitoa. Hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba alidanganya, na hakuna aliyewahi kumtaka radhi.

Wala si makundi madogo peke yake yanayoteleza hapo. Daniel Naroditsky, granmasta wa Marekani aliyependwa na maelfu kwa masomo yake ya mtandaoni, aliandamwa hadharani na Vladimir Kramnik, aliyekuwa bingwa wa dunia, kwa shutuma za udanganyifu ambazo mwenyewe alizikana na ambazo hazikuthibitishwa. Naroditsky alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 29. Sihusishi kifo na shutuma, kwa kuwa hilo si langu kulisema. Ninachokitaja ni kwamba ni baada ya msiba ndipo Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, FIDE, lilipoyafikisha mashauri hayo kwenye kamati yake ya maadili. Kanuni ambayo seva ya kujitolea inamtekelezea mchezaji asiyejulikana, tena ndani ya dakika, ilikosa wa kuitekeleza kwa haraka pale aliyesema alikuwa mtu mkubwa.

Sasa niseme kuhusu maneno yenyewe, ambako sifa zangu zinapungua. Gumzo la ndani ya mchezo lina vitufe vya salamu: mwanzoni vya kusalimu na kutakiana heri, mwishoni vya kusema mchezo ulikuwa mzuri, umecheza vyema, asante, kwaheri. Maneno hutoka kwa Kiingereza, ingawa kurasa za huduma zimetafsiriwa na watu wa kujitolea katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Kusudi ni jema, yaani mtu asiyejua lugha ya mwenzake aweze kuwa mstaarabu kwa kubonyeza mara moja. Kilichotokea ni kwamba watu wamegeuza maneno hayo kuwa vijembe. Mchezaji akimla mpinzani ngome, kabla mchezo haujaisha na kitufe hakijatokea, humwandikia mwenyewe lile la «mchezo mzuri», na kila anayecheza mtandaoni anajua maana yake ni «kwako nimemaliza, toka». Hakuna msimamizi atakayemwadhibu mtu kwa kusema mchezo mzuri.

Mswahili hatashangaa. Sisi ni watu ambao mwanamke anaweza kumtukana jirani yake kwa jina la kanga aliyoifunga, akipita kibarazani bila kufungua kinywa, na mtaa mzima ukaelewa isipokuwa polisi. Lugha yetu ina neno kijembe kwa sababu tunajua kwamba jeraha baya halihitaji neno chafu. Kwa hiyo siamini sana vichujio vya maneno, hata vikiongezewa orodha ya matusi ya Kiswahili, kwa maana orodha hiyo ingemnasa kijana mjinga anayetukana wazi na ingempitisha fundi anayekuambia «pole, umejitahidi sana kwa mtu wa umri wako». Kuna mahali mfumo wowote wa usimamizi huishia, na mahali hapo katika sataranji ni karibu kuliko wanavyodhani waandishi wa kanuni.

Lichess nadhani inalijua hilo, kwa kuwa dawa yake haikuwa kuongeza walinzi bali kukupa mlango. Kando ya gumzo kuna kisanduku cha kulizima kabisa. Kuna hali iitwayo Zen, inayowashwa kwa kubonyeza herufi z kwenye kompyuta, ambayo huficha karibu kila kitu kikabaki ubao na saa. Kuna mpangilio wa kuchagua nani anaweza kukuandikia ujumbe, na kuna hali ya watoto inayofunga mawasiliano yote. Niliiwasha ya mwisho kwenye akaunti ya mpwa wangu wa miaka tisa siku aliyojiunga, na hadi leo anaamini kwamba wachezaji wa mtandaoni hawana midomo. Namwonea wivu kidogo.

Lipo jambo moja ambalo siwezi kuliidhinisha. Katika zana za wasimamizi, ambazo yeyote anaweza kuzisoma kwa kuwa msimbo wa programu uko wazi, imo ile ya kumfunika mtu: anaendelea kuandika, anayaona maneno yake, lakini watu wengine hawayaoni. Nafahamu kwa nini ipo. Msumbufu aliyefukuzwa waziwazi hufungua akaunti nyingine baada ya dakika mbili, ilhali aliyefunikwa huongea na ukuta mpaka achoke. Kwa watumaji wa matangazo ya ulaghai sina huruma. Lakini kwa binadamu aliyekosea kweli, kumwacha azungumze peke yake bila kumwambia kwamba hasikiki ni adhabu isiyo na funzo, kwa sababu mtu hawezi kujirekebisha kutokana na hukumu asiyoijua. Barazani hata mlevi huambiwa usoni kwamba leo amezidi, arudi kesho akiwa mzima.

Swali ambalo huulizwa mara kwa mara ni kama mtu achague hii au Chess.com, kampuni kubwa ya kibiashara yenye wachezaji wengi zaidi. Kwa masomo ya video na kwa wingi wa watu, ile ina faida yake. Kwa upande wa adabu pekee naichagua Lichess, na sababu ni ndogo: pale ambapo hakuna anayefaidika kifedha na mimi kukaa muda mrefu nikibishana, kuzima gumzo ni kitufe kilicho karibu na kidole.

Anayeanza leo nitamshauri afungue akaunti, aingie kwenye mipangilio azuie ombi la kurudisha kete, yaani la kufuta hatua iliyokwisha kuchezwa, kwa kuwa wapo wanaolituma mara kumi mfululizo kama mtoto anayeomba pipi, kisha aache gumzo likiwa wazi kwa wiki ya kwanza. Wengi atakaokutana nao hawatasema kitu. Wachache watamtakia heri kabla ya kete ya kwanza, na kati yao wamo wanaomaanisha. Kwa wiki hiyo atajua mwenyewe kama yeye ni mtu wa Zen au ni mtu wa baraza. Mimi, baada ya kulizima gumzo mara nyingi, kila Ijumaa usiku huliwasha tena.