Miezi miwili na moo yaa usoni

Tangu nihamie Gulu, kaskazini mwa Uganda, kutoka Kampala, kila Januari uso wangu unanikomesha. Kiangazi kikishika huku, upepo mkavu na vumbi jekundu havikupi nafasi, na pembeni mwa pua ngozi inabambuka kama maganda ya kitunguu. Nikicheka, mashavu yanavuta. Losheni niliyozoea ilikuwa inanifaa nusu saa tu.

Nikaambiwa nijaribu mafuta ya shea. Chupa ya kwanza niliagiza duka moja Kampala: mililita 30 kwa Sh 35,000, imeandikwa "asilia kabisa". Kufungua tu, waridi! Sasa shea na waridi wapi na wapi? Nikasoma yale maandishi madogo nyuma: alizeti ndiyo iliyotangulia, shea ya nne, manukato mwishoni. Siku ya tatu nikatoka vipele chini ya macho. Nilipompigia muuzaji akanijibu eti ngozi yangu "inatoa sumu". Hela haikurudi.

Jirani yangu, mama wa Kiacholi, alicheka hadi akakaa chini. "Binti yangu, yaani umeyalipia nauli mafuta yaliyotoka huku huku?" Kesho yake akanipeleka sokoni kwa wanawake wanaouza moo yaa, ndivyo wanavyoyaita mafuta ya shea, katika chupa za soda zilizooshwa. Nusu lita, Sh 12,000. Muuzaji alilalamika kwamba mishea, miti inayozaa kokwa za mafuta haya, inaishia kuwa makaa. Mwaka 2023 serikali ilipiga marufuku biashara ya makaa huku kaskazini, lakini mshea uliokwisha kukatwa, ukipanda mwingine utangoja zaidi ya miaka 15 uanze kuzaa.

Asubuhi mafuta yameganda laini kama samli. Saa nane mchana yanacheza ndani ya chupa. Shea ya huku ni ile ya nilotica, aina ya mshea wa Afrika Mashariki, ina asidi ya oleiki (ile sehemu ya mafuta isiyoganda upesi) nyingi kuliko ya Afrika Magharibi, ndiyo maana inayeyuka kiganjani mara moja. Harufu yake ni ya moshi na karanga zilizopitiliza motoni, kwa kuwa kokwa hukaangwa kabla ya kusagwa. Mume wangu alisema nanukia jiko la mama yake. Mpaka leo sijui kama alinisifu.

Mwanzoni nilikosea. Nilijipaka mengi, uso mkavu, asubuhi, kisha nikapanda boda. Nilipofika kazini leso nyeupe ilitoka usoni ina rangi ya tofali. Baadaye nikaelewa kwamba mafuta hayaleti maji, yanazuia tu yaliyopo yasitoroke. Siku hizi ni usiku: naosha uso kwa maji ya uvuguvugu, siufuti, nachukua kiasi cha punje ya njegere, nasugua viganja, kisha nabonyeza mashavuni bila kukwaruza. Baada ya siku kama kumi kubambuka kukakoma. Mikunjo ya pembeni mwa mdomo iko pale pale. Mchana napaka midomo na pua tu, na mafuta ya kuzuia jua naweka kama kawaida, maana shea haitoshi kwa jua hili.

Mdogo wangu mwenye uso wa mafuta naye alijaribu, akaota chunusi paji zima ndani ya wiki. Basi kama wewe ni wa aina yake, paka kwanza kidogo chini ya taya uone siku mbili tatu.

Tena ukinunua sokoni, inua chupa uitazame kitako kwenye mwanga. Ukiona tone la maji au machicha meusi, irudishe. Chupa yangu ya pili sikuitazama, ikachacha kabla sijafika nusu.

Ile ya waridi bado ninayo. Bawaba za mlango wa jikoni hazijalia tangu Februari.