Canon 50mm f/1.8 STM kwa foto za sura: rudi nyuma, pua ipumzike

Wandugu wa Goma, Bukavu na kokote mnakotazamia, jambo! Leo mezani iko Canon 50mm f/1.8 STM, hii lenzi kadogo ya gramu 160. Mambo ya boksi tunayaruka, mnayajua.

Tazama foto hii. Ni lenzi ya 18-55mm ikiwa kwenye 18, pana kabisa, kamera nusu mita kutoka usoni. Pua imevimba, masikio yamekimbia! Kosa ni la umbali: ukimkaribia hivyo, pua iko karibu nawe mno kuliko masikio. Hii 50, kwenye kamera ya sensa ndogo (APS-C), inabana picha kama lenzi ya 80mm. Kumpata hadi kifuani lazima urudi kama mita 2. Haya, angalia sasa: pua imerudi kwao.

Dada, simama tena. Geuza bega kidogo, uzito mguu wa nyuma. Kidevu mbele, kama kobe anayechungulia... mbele tena... sasa kishushe. Hapo! Mnaona taya lilivyochongeka? Ukimwambia "inua kichwa" tu, utapiga matundu ya pua. Kamera ikae usawa wa macho. Kwa mwili mzima shuka hadi kiunoni, la sivyo miguu inafupika. Warefu, pigeni goti, suruali inafuliwa.

Kinachoniudhi ni watu wa kufungua lenzi wazi kabisa, f/1.8, asubuhi hadi jioni. Ukiwa mita 1, eneo kali halifiki sentimita 3. Sura ikigeuka, jicho moja kali, la pili ukungu. Ifunge kidogo, weka f/2.8, lenga jicho lililo karibu.

Na nyie mnaopenda kuta za mawe ya volkano: ule weusi unaidanganya kamera, inaongeza mwanga, uso unaungua. Shusha fidia ya mwanga (ile ya +/-) hadi -1, kisha kagua uso. Flashi tutaichambua wiki ijayo, msinisumbue kwenye maoni.

Lenzi ya 85mm? Tamu, ila kwenye studio ya mita 3 utapigia mlangoni.

Bei sasa. Hii ni ya 2015, shingo yake, pale inaposhikana na kamera, ni ya chuma. Ile 50mm f/1.8 II ya zamani, shingo ni ya plastiki, usiilipie sawa. Na kama imeshatumika, mulika tochi ya simu kwa nyuma: ukiona nyuzi kama za buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu. Mrudishie mwenyewe.