Kumpandisha Mama ndege, Kigoma hadi Dar na kurudi: uzoefu wangu, na zile sekunde 90 zisizomhesabu yeye

Mama yangu ana miaka 74, goti la kulia limekwisha, na hadi mwezi wa nne mwaka huu hakuwa amepanda ndege hata siku moja. Ni mtu wa Ujiji. Safari zake zote za mbali zilikuwa za treni. Daktari wa Dar alipotaka kumwona, nikajua kukaa kwenye behewa siku mbili na goti lile hataweza, nikakata tiketi za kwenda na kurudi, mimi na yeye. Shirika silitaji, maana nimeshaongea na watu wengi tangu nirudi na naona haya hayako kwa shirika moja.

Mazuri yapo na nayasema kwanza. Ndege safi, muda waliosema ndio tuliopaa, kiti cha magurudumu kilikuwepo Kigoma na Dar, na kijana aliyekisukuma alimwamkia Mama vizuri kabla hajamgusa. Bei ni kubwa, lakini tunaijua.

Ninachotaka kueleza ni Tabora.

Kabla ya kuondoka Kigoma, mhudumu alisimama mbele akaonyesha mkanda, milango na jaketi okozi, huku tangazo likienda mbio kwa Kiingereza halafu Kiswahili. Watu walikuwa bado wanasukumia mizigo kwenye makabati ya juu. Mama akaniuliza, "Yule anasema nini?" Nikamjibu, "Anaonyesha mkanda, Mama." Nikaishia hapo, na hilo linaniuma mpaka leo. Mkanda nilimfunga mimi. Fimbo yake mhudumu aliichukua akaiweka kabatini, safu tatu nyuma yetu. Kwenye kiti cha kando ya mlango wa dharura alikaa mzee mmoja ambaye alishalala kabla hatujaanza kutembea. Hakuna aliyemwambia neno.

Tukatua Tabora. Wa Tabora wakashuka, sisi wa Dar tukabaki tumekaa kama kawaida. Dakika chache baadaye ikaja harufu ya waya unaoungua, na ukungu mwembamba ukaonekana darini upande wa mbele. Mhudumu akatangaza: "Abiria, tunaomba mshuke sasa kwa kupitia mlango wa nyuma, na tunaomba muache mizigo yenu." Sauti ilikuwa ya upole, ileile ya kukaribisha watu juisi.

Watu wakasimama, na wote wakafungua makabati. Mbele yetu kulikuwa na baba mmoja ambaye mkoba wake ulikwama kwa mpini. Akavuta, akarudia kuvuta, na nyuma yake mwanamke mwenye mtoto mgongoni amesimama hana pa kupita. Mwingine alikuwa anatafuta kiatu. Sikumsikia mtu yeyote akipiga kelele, na naamini ndiyo maana hakuna aliyeharakisha.

Nami nilikuwa nahangaika na mkanda wa Mama. Alishaushika yeye mwenyewe, anauvuta kwa nguvu pande mbili kama anayefungua fundo la kanga lililokaza, na kadiri alivyovuta ndivyo ulivyombana. Nilipojaribu kuingiza mkono wangu aliung'ang'ania, kwa sababu alishaogopa. Ikabidi nimbandue vidole kimoja kimoja ndipo nikanyanyua kile kibati cha kufungulia mkanda. Alipopata kusimama akageuka kutafuta fimbo.

Kijana aliyekaa upande wa pili alirekodi kwa simu. Tulipokuwa tumekaa nje kwenye kivuli tukaiangalia ile video pamoja: tangu tangazo mpaka Mama anakanyaga ardhi ya Tabora ni dakika 4 na sekunde 10. Hatukuzidi watu hamsini. Mafundi walisema ni hitilafu ndogo, jioni ikaletwa ndege nyingine, tukapewa chipsi na soda. Maelezo mengine hatukupata.

Siku za kumsubiri Mama kliniki nilisoma. Nilitaka kujua dakika nne ni nyingi au ni kidogo. Kwa kanuni za Marekani, ndege yenye viti zaidi ya 44 haipewi kibali mpaka ithibitike kwamba abiria wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa imefungwa na nje kukiwa giza. Mwaka 1965 kiwango kilikuwa dakika mbili, mwaka 1967 kikashushwa hadi hizo sekunde 90. Na inawezekana kweli: Machi 2006 kule Hamburg ndege kubwa kuliko zote za abiria, A380, ilijaribiwa, wakatoka watu 873 kwa sekunde 78.

Nikajiuliza ni watu gani hao. Kanuni yenyewe inasema wawe watu wenye afya ya kawaida. Angalau asilimia 35 wawe wamezidi miaka 50, angalau asilimia 40 wawe wanawake, na watoto wachanga wanawakilishwa na wanasesere watatu. Mtu wa fimbo hayumo. Mama wa kubeba mtoto mgongoni na mwingine amemshika mkono hayumo. Halafu mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 Wamarekani walifanya majaribio mengine Oklahoma City, kuona kama viti vilivyobanana vinachelewesha watu kutoka. Washiriki walikuwa wa miaka 18 hadi 60. Nimesoma sentensi hiyo nikiwa kwenye benchi la hospitali, Mama kaegemea bega langu, na nilishindwa kuendelea kwa muda.

Kuna watu wanaolipigania. Seneta Tammy Duckworth wa Marekani, ambaye alipoteza miguu yake vitani Iraki na anatumia kiti cha magurudumu, alipeleka muswada mwaka 2022 pamoja na Seneta Tammy Baldwin ili viwango hivyo vizingatie wazee, watoto, walemavu, wasioelewa lugha inayotangazwa, na mizigo ya mkononi. Mei 2024 ikapita sheria inayoitaka mamlaka yao ya anga ivipitie upya. Hilo linatuhusu moja kwa moja, kwa sababu hizi ndege tunazopanda sisi zinatengenezwa huko nje na kupewa kibali kwa viwango vya hukohuko.

Anayedhani natia chumvi namkumbusha Manchester, Agosti 1985. Ndege ilishika moto ikiwa inakimbia kupaa, ikasimama palepale uwanjani, haikuwa imenyanyuka. Watu 55 wakafa, wengi kwa moshi. Abiria wa kando ya mlango wa juu ya bawa alivuta sehemu ya kuegemeza mkono akidhani ndiyo mshikio wa mlango. Nilipofika hapo nilikumbuka vidole vya Mama kwenye mkanda. Upande mwingine kuna Haneda, Tokyo, tarehe 2 Januari 2024: ndege iligongana na nyingine ndogo ya walinzi wa pwani ikawaka moto, na watu wote 379 waliokuwa kwenye ile kubwa wakatoka hai, ingawa kwenye ile ndogo walikufa watano. Vipaza sauti vya ndani vilikuwa vimekufa, wahudumu wakatumia vipaza vya mkononi na koo zao. Mizigo ikaachwa.

Sasa safari ya kurudi. Shirika lilelile, mhudumu mwingine, na kwa ajili yake nimeongeza nyota.

Alitufuata tulipokaa tu. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu." Akachuchumaa njiani mpaka uso wake ukawa sawa na wa Mama. "Bibi, naomba ufungue huu mkanda mwenyewe." Mama akavuta, vilevile kama Tabora. Yule dada akamshika kidole gumba akakiweka chini ya kibati: "Unanyanyua hapa." Akamrudisha mara tatu mpaka kikawa kinalia tak, tak, bila msaada. Kisha akamwambia ahesabu migongo ya viti kwa kuigusa mpaka mlangoni. Vilikuwa vinne. "Moshi ukijaa huoni kitu, bibi, lakini mkono unahesabu." Kuhusu fimbo alisema wazi kwamba itakaa juu na likitokea jambo hatutaifuata, kwamba mimi ndiye fimbo.

Jaketi okozi nalo alilieleza akaeleweka. Kutoka na kurudi Kigoma unaliona ziwa lile pale, na hakuna mtu wa huku aliyesahau Bukoba, Novemba 2022, ndege ilipoangukia ziwani wakafa watu 19 kati ya 43. Alimwambia Mama asilijaze upepo akiwa ndani, maana maji yakiingia litampandisha darini na hatafika mlangoni. Mtu wa Ujiji anajua kitu kinachoelea kinavyofanya. Nilisoma baadaye kwamba Komoro mwaka 1996, ndege ya Ethiopia ilipoangukia baharini, wapo waliokufa hivyo hasa, wamejaza majaketi mapema wakanasa ndani.

Akaenda kwa kaka aliyekaa kando ya mlango wa dharura: "Ukikaa hapa unatakiwa uweze kuufungua huu mlango. Utaweza?" Yule kaka akasema bega lake bovu. Wakabadilishana na kijana mmoja. Yote hayo hayakufika dakika tano, na ndege haikuchelewa. Nilimuuliza kama ni moyo wake tu, akasema hapana, mwongozo wao unataka abiria anayehitaji msaada aelekezwe peke yake. Kumbe na yule wa kwanza alitakiwa.

Niliwaandikia malalamiko nikiwa na ile video. Siku tisa, wakajibu wananishukuru kwa maoni yangu. Niliwaandikia haya. Mtu mzima mwenye fimbo aelekezwe mwenyewe, kila safari, si mpaka akutane na mhudumu mwema. Kadi ya mfuko wa kiti iwe na Kiswahili, yetu ilikuwa na Kiingereza tu na picha. Na siku ya moshi waache "tunaomba". Kwetu ukiniomba, nina nafasi ya kumalizia nilichoshika. Pale Tabora tulihitaji mtu wa kutupigia kelele: "Tokeni! Acha mzigo! Toka!" Mamlaka ya Usafiri wa Anga nayo ingeweza kufanya zoezi na abiria halisi wa njia hii, wazee wa Kigoma na kina mama wenye watoto, ikapima kwa saa. Mimi na Mama tutakuja, nauli yetu.

Kwa kwenda natoa nyota 2, kwa kurudi 5. Anayesafiri na mzazi amfundishe mkanda nyumbani kabla, kwa maneno na kwa mikono, na aombe viti vya karibu na mlango tangu siku ya kukata tiketi. Mimi nimeshaomba, kliniki ni mwezi wa tisa.

Jana jioni majirani walikuja barazani kumjulia hali. Nilimkuta Mama amewakusanya, ameshika mkanda wa begi langu la safari. "Hauvuti," anawaambia. "Unanyanyua."