Sedani za kifahari zenye mbio, zilizotumika: ipi ununue, ipi uiache

BMW M5 ya 2006 ilipokuwa mpya, ilikuwa gari la mkurugenzi wa benki. Leo bei yake imeporomoka, na kijana mwenye mshahara mzuri na moyo wa mbio anaweza kuipigia hesabu. Kilichoporomoka ni bei ya gari peke yake. Beringi, pampu na shokapu zake bado zinauzwa kwa bei ya mkurugenzi. Hapo ndipo wengi wanapokwama, na magari mazuri kabisa huishia kufunikwa turubai nyuma ya gereji, yakiota nyasi kwenye matairi.

Kwa hiyo sijayapanga magari haya kwa mbio wala kwa uzuri. Nimeyapanga kwa swali moja: mwaka wa pili, baada ya furaha ya mwezi wa kwanza kuisha, utakuwa bado unaliendesha? Ushauri wangu kabla hujatazama picha hata moja ni huu: gawa pesa zako mafungu matatu. Mawili nunulia gari, la tatu libaki benki kwa ajili ya gari hilohilo. Kama mafungu mawili hayatoshi, shuka ngazi moja.

Ya kwanza kwangu, na sina wasiwasi nayo, ni Lexus IS F. Ilitengenezwa hadi 2014, injini ni V8 (silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la V) ya lita 5.0 isiyo na turbo, nguvu farasi zaidi ya 400, gia 8 za otomatiki. Ile iliyouzwa Japani usukani wake uko kulia tangu kiwandani, kwa hiyo hapa kwetu hakuna cha kugeuza. Injini hii ya 2UR-GSE inatumia cheni, haina tabia ya kula beringi, na fundi aliyezoea Toyota kubwa haiogopi. Ugonjwa wake unaojulikana ni kuvuja maji ya rejeta kwenye bonde la katikati ya V, chini ya manifodi. Chukua tochi, chungulia huko: ukiona ukoko wa rangi ya waridi uliokauka kama chumvi, hayo ni maji yaliyovuja. Si mwisho wa gari, ila ni kazi ya siku nzima na zaidi, kwa hiyo ipunguze kwenye bei. Pampu ya maji nayo huvuja umri ukisogea. Gharama itakayokuuma zaidi ni breki za Brembo, diski zake ni kubwa, na matairi ya nyuma ya 255/35 R19. Ubavu wa tairi hilo hauzidi sentimita 9. Shimo moja la barabarani usiku na rimu imepinda.

Ndugu yake mkubwa GS F, aliyekuja 2015 hadi 2020, ana injini hiyohiyo iliyoongezwa nguvu, na nafasi ya familia nyuma. Ukimpata, mchukue. Kwa aliye Kenya huyu ndiye wa kufikiria kama unaagiza mwenyewe, maana gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia. Tanzania la zamani linaingia, lakini umri wake unaongeza ushuru, na injini kubwa nayo inaongeza. Pitia kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, kabla hujatuma hata dola moja Japani.

Ya pili ni Mercedes-Benz E55 AMG ya umbo la W211, ya 2003 hadi 2006. Najua wengi watashangaa kuona gari la zamani hivyo likiwa juu. V8 yake ya lita 5.4 yenye supachaja inatoa nguvu farasi 476, na muundo wake ni wa zamani kwa maana nzuri: imara, na giaboksi ya gia 5 inayovumilia. Shida ziko pembeni ya injini. Breki za umeme za SBC, ambazo kiwanda kiliita magari yarudi kwa marekebisho yake 2004 na tena 2005, zina pampu yenye ukomo wa maisha, na siku ikigoma dashibodi inakuwakia nyekundu. Halafu kuna mifuko ya hewa badala ya springi. Njia ya kuikagua ni rahisi: omba gari lilale uani usiku mmoja, nenda alfajiri kabla halijawashwa. Likiwa limeinama kona moja kama mbuzi aliyepiga goti, mfuko unavuja, na kompresa nayo imechoka kwa kuujaza kila siku.

Hili la alfajiri nalisisitiza kwa sababu liliwahi kuniponza. Nilikwenda kuangalia sedani ya V8 saa tano asubuhi, dalali akaiwasha, ikanguruma vizuri, nikalipa. Kesho yake, injini ikiwa baridi, niliisikia ikigonga kwa ndani, ko-ko-ko, kama mtu anayebisha hodi kwa kijiko. Ilikuwa imepashwa moto kabla sijafika. Tangu siku hiyo, kitu cha kwanza nikifika ni kuweka kiganja juu ya boneti. Kama kuna joto, naaga na kupanga siku nyingine.

Ya tatu ni BMW M5 ya F10, ya 2011 hadi 2016: V8 ya lita 4.4, turbo mbili, nguvu farasi 560. Ni gari zuri mno kuendesha. Turbo zimekaa ndani ya V, joto linajikusanya huko, na mipira ya maji na mafuta inakauka mapema kuliko ungependa. Nunua tu lenye kumbukumbu kamili za huduma, na oili usiibadilishe kwa ratiba ndefu za Ulaya. Nusu yake inatosha.

Ya nne ni E63 AMG ya lita 6.2, injini M156, iliyokuwa kwenye W211 za mwisho na umbo lililofuata, W212, hadi 2011, na pia kwenye C63. Sauti yake haina mfano, nakiri. Lakini injini za mwanzo zilikuwa na bolti za silinda hedi zinazooza kwa kutu na kukatika, maji yakaingia kwenye silinda. Tapeti na kamshafti nazo zinalika. Mlio wa tik-tik usiokoma hata injini ikipata moto ni sababu ya kuondoka. Kama muuzaji ana risiti ya bolti mpya, kaeni mzungumze. Bila risiti, hesabu kwamba kazi hiyo ni yako.

Ya mwisho ndiyo inayopendwa kuliko zote: M5 ya E60, ile ya 2006 niliyoanza nayo, V10, nguvu farasi 507, inayozunguka hadi mizunguko 8,250. Ndiyo ninayoipenda pia, na ndiyo maana nasema kwa uchungu kwamba usiinunue kama ndilo gari lako pekee. Beringi za konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki, zinalika kimyakimya. Wamiliki makini wa Ulaya na Marekani huzibadilisha kama huduma ya kawaida bila kusubiri sauti, kwa kuteremsha sampo, yaani karai la oili, kutoka chini, kwani ikishaanza kugonga unatafuta injini nyingine. Pampu na klachi ya giaboksi ya SMG, ambayo pampu ndiyo inayobadilisha gia badala ya mguu na mkono wako, ni mzigo mwingine, na mota za throto, zinazofungulia injini hewa, ni wa tatu. Oili ni 10W-60, zaidi ya lita 9 kwa kila kumwaga. Plagi ni 10. Kwa safari za mjini, lita 20 kwa kilomita 100 ni jambo la kawaida, kwa hiyo kilomita 1,000 kwa mwezi ni lita 200 za petroli. Zidisha kwa bei ya kituo cha mtaani kwako.

Kama hesabu zote hizi zimekukalia shingoni, tafuta Toyota Crown Athlete ya 3.5 au Mark X 350S. Nguvu farasi zaidi ya 300, vipuri vipo, fundi yupo kila mtaa. Angalia tu usiuziwe ya 2.5 yenye nembo ya 350. Soma namba ya injini: 2GR ndiyo yenyewe, 4GR ni ndogo.

Lolote utakalochagua, kabla ya kulipa mwombe muuzaji mbadilishe oili kwa gharama yako. Kata filta, ikunjue karatasi yake juani, ipitishe kidole. Chembe zinazong'aa kwa rangi ya shaba ni beringi. Muuzaji akikataa filta isikatwe, pesa zako zibaki mfukoni.